Kopo la Nne

Salhiya alikuwa akiuza harufu, na yeye mwenyewe hasikii harufu yoyote. Siri hiyo waliijua watu watatu tu: yeye, mumewe Abdulrazak, na daktari mmoja wa pua na masikio aliyemmulika kwa kurunzi, akaandika mistari miwili, akasema, "Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Ngoja." Homa ile iliyozunguka dunia na kuwafungia watu majumbani ilimpitia na yeye, ikamlaza siku kumi, ikaondoka na pua yake. Huu ulikuwa mwaka wa nne anangoja.

Na msidhani biashara yenyewe ilikuwa ya kujifichaficha. Kutoka jikoni kwake Mkunazini, Unguja, ghorofa ya pili, juu ya duka la kupiga picha za vitambulisho, udi wa Salhiya ulifika Fumba, ukafika Wete, Dar es Salaam na hata Maskati. Ulifika huko kwa maneno. Kila Jumatano aliandika makala katika Ua wa Nyuma, tovuti ya akina mama wanaofanya biashara majumbani. Tovuti hiyo aliianzisha Khairiya, mama wa mapacha anayekaa kwenye nyumba mpya za Fumba, na alianza kuiandika kwa mkono mmoja huku wa pili umemshika mtoto anayenyonya. Humo utamkuta mama anayefundisha kufunga visheti visivunjike njiani, mwengine anaeleza namna ya kumwambia jirani kwamba keki si ya bure. Salhiya aliandika habari za udi na marashi, na wasomaji walimpenda. "Mama Rukaiya, nnasoma mpaka nnasikia harufu!" waliandika. Yeye akisoma hayo, akitabasamu upande mmoja wa mdomo, akiendelea kukoroga sufuria.

Kazi yenyewe aliifunza kwa bibi yake, Bi Ulfat, aliyekuwa akiwapikia maharusi udi, vile vipande vya sukari na manukato vya kufukizia nguo na chumba. Bi Ulfat hakuwa na daftari wala kijiko cha kupimia. Pua yake ndiyo iliyokuwa mizani. Alikuwa na ada moja ambayo hakuivunja mpaka anaingia kaburini: kila bi harusi alimpikia udi wake peke yake, na akishampikia harudii. Ukimwendea kumwambia, nipikie kama ule wa fulani, alikuondosha barazani kwake bila ya kukukaribisha kahawa. Salhiya naye alipikiwa wake alipoolewa. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na Salhiya, wakati huo pua yake nzima, alijaribu kuupika tena udi ule. Aliharibu sukari, akaharibu mawardi, akamchosha mumewe kwa kumwita jikoni kila saa. Haukutoka. Mwisho akaacha, kama watu wanavyoacha mambo mengi wakishapata watoto.

Pua ilipokwenda alitaka kuacha na biashara vilevile. Abdulrazak ndiye aliyekataa.

"Wewe una mikono, mimi nna pua," alimwambia. "Tutashindwa na nini?"

Cheka utakavyo, lakini fundi huyu wa mafriji alikuwa na pua ya ajabu. Aliweza kuingia nyumba ya mtu, kabla hajavua viatu, akasema kompresa imeungua. Basi akirudi kazini, mikono imejaa mafuta meusi, alisimama juu ya sufuria ya mkewe, akafumba macho na kutoa hukumu. "Tamu mno hii. Punguza miski." Au, "Hapa pana kitu kinapiga kelele. Karafuu?" Na ilikuwa karafuu kweli. Kwa njia hiyo walipata aina tatu, wakazitia katika makopo matatu ya bati yenye namba, na makopo hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba.

Kopo la nne lilikuwa na kisa chake. Kwa karibu mwaka mzima Abdulrazak alikuwa akimchokonoa. Ongeza hiki, toa kile, leo chemsha zaidi. Siku moja alikuja na kichupa kidogo amekifunga kwa gazeti, akatia matone mwenyewe, hakusema ni ya nini. Salhiya alimfuata tu, maana kwake yeye kila sufuria ilikuwa maji ya moto. Kisha alasiri moja Abdulrazak aliinama juu ya mvuke, akavuta pumzi, akavuta tena. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa, na Salhiya alidhani ni moshi.

"Hapo hapo," alisema. "Usiguse tena."

"Ndo namba nne?"

"Ndo namba nne. Lakini hii haiuzwi."

"Imeharibika?"

Abdulrazak alicheka, akamfuta mkewe sukari iliyomrukia kwenye shavu, akamwachia na doa la grisi juu yake. "We iweke tu. Pua yako ikirudi utajua mwenyewe."

Salhiya alijua vyema mume anavyosema akiwa anamstahi mkewe. Imeharibika, alijiambia, na hataki kunivunja moyo. Akaliweka kopo nyuma ya makopo mengine. Wiki hiyo alipotia picha ya kabati lake katika makala, msomaji mmoja wa Tanga aliuliza, na kopo la nne lina nini? Salhiya akajibu kwa neno moja na uso wa kucheka: "Iliharibika."

Miezi saba baadaye, Jumamosi asubuhi, Abdulrazak alipanda pikipiki yake kwenda Paje kutengeneza friji la hoteli. Walimrudisha adhuhuri, amelala nyuma ya gari ya watu asiowajua, amefunikwa kikoi. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka arubaini na mbili, na hata kikohozi hakuwa nacho.

Salhiya hakulia. Wanawake walijaa ukumbini, wakalia kwa ajili yake, yeye akakaa kwenye mkeka akiangalia vidole vya miguu yake. Alivihesabu, vilikuwa kumi. "Ana subira huyu," walinong'onezana, na wengine walimsifu mbele yake. Haikuwa subira. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, na alingoja ile michomo inayokuja damu ikirudi. Siku tatu za matanga zikapita, michomo haikuja. Alikula alipopewa chakula. Alisema Alhamdulillahi ilipotakiwa kusemwa. Usiku alilala kama gogo, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kukosa usingizi.

Jambo moja tu alilifanya kwa hiari yake. Nyuma ya mlango wa chumbani ilining'inia kanzu ya Abdulrazak, ile aliyoivaa sala ya Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda Paje. Ilikuwa na jasho kwenye kola na kwapani, kwa sababu Ijumaa ile kulikuwa na joto na msikiti ulijaa. Salhiya aliiteremsha kabla mtu hajaigusa, akaikunja, akaitia katika mfuko wa plastiki mnene wenye zipu, ule unaouzwa na blanketi ndani yake. Akaufunga zipu, akausukuma chini ya kitanda. Hakuwa akisikia harufu ya kanzu ile. Lakini alikumbuka kwamba ina harufu, na daktari alimwambia inaweza kurudi. Basi akiba yake yote ikawa hiyo: kwamba pua itarudi kabla ya jasho la mumewe kumalizika ndani ya mfuko.

Eda ilianza. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo zisizo pambo, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna manukato. Mtu anayepika udi hawezi kuupika bila ya kunukia yeye mwenyewe, kwa hiyo Salhiya alizima jiko na kubandika tangazo kwenye simu kwamba tumesimama kwa muda. Makala hakusimamisha. Kalamu haina harufu, na watoto wawili wanataka kula.

Siku ya nane Ua wa Nyuma ilitoa makala aliyoipeleka kabla ya msiba, ikajitoa yenyewe kama ilivyopangiwa. Ilikuwa na kichwa cha maneno, "Mumeo Ndiye Mteja Wako wa Kwanza". Humo Abdulrazak alikuwa hai, amefumba macho juu ya sufuria, anasema pana kitu kinapiga kelele. Wasomaji walicheka mpaka basi. Wengine walimtaka awakopeshe mume huyo kwa wiki moja. Khairiya alipiga simu akilia.

"Nisamehe, shoga yangu, wallahi nilisahau. Nnaifuta sasa hivi."

"Iache," alisema Salhiya.

"Una hakika?"

"Wanacheka. Iache."

Aliyasoma maoni yote mia na arubaini, moja moja, mpaka la mwisho, na moyoni mwake hapakutikisika kitu. Alimjibu kila mmoja, ahsante, ahsante, ahsante. Ukitaka kujua ganzi ni nini, ni hiyo.

Kila asubuhi, watoto wakishakwenda skuli, aliweka mezani visahani vinne: karafuu, ndimu iliyokatwa, kahawa na siki. Daktari ndiye aliyemfundisha. Alivuta pumzi juu ya kila kimoja, akangoja, akavifunika. Na kila Ijumaa aliutoa mfuko chini ya kitanda, akaufungua zipu kiasi cha kupita uso, akaingiza uso wake, akavuta. Hakuna. Akafunga upesi, kwa sababu kila kufungua ni kupunguza. Aliwahi kuuliza kwenye simu, jasho hukaa muda gani kwenye nguo. Majibu yakamiminika, kurasa kwa kurasa, na yote yalimfundisha namna ya kuliondoa.

Mwezi wa tatu Rukaiya, binti yake wa miaka tisa, alimkuta na uso ndani ya mfuko. Mtoto hakushangaa. Alipiga magoti, akaingiza na yeye kichwa chake ubavuni mwa kichwa cha mama yake, akavuta pumzi moja.

"Inanuka baba," alisema, akainuka, akachukua juzuu yake na kwenda chuoni kusoma Kurani.

Salhiya alifunga zipu. Basi harufu ipo. Imo mle ndani, hai, ukubwa wa kidole mbele ya uso wake, na anayeweza kuisikia ni mtoto anayekimbilia chuoni. Alitaka kulia, akakaa tayari kabisa kulia, na machozi hayakuja. Akaenda kuandika makala ya Jumatano.

Zilipobaki siku tatu eda kwisha, wifi yake alikuja kutoka Makunduchi. Bi Mwanakheri alikuwa dada mkubwa wa Abdulrazak, mwanamke mnene wa miaka sitini, na huyu ni mtu ambaye mikono yake haijui kukaa mapajani. Kifo cha ndugu yake kilimvunja, na namna yake ya kuvunjika ilikuwa kufanya kazi. Alisugua sufuria mpaka zikaonesha sura. Alipanda na makapu ya nguo juu ya paa, akafua mapazia, akafua mashuka, akafua hata mikeka ya kusalia. Salhiya alimsikia akipanda na kushuka ngazi, akimwimbia Anwar, mtoto wa pili wa Salhiya, huku machozi yanamtoka. Yeye alikuwa amekaa na simu yake, makala inataka kumalizwa.

Nguo za marehemu zilikuwa za kutolewa sadaka siku ya kumtoa eda, kama ada. Salhiya alishazitoa kabatini mwenyewe na kuzipanga kitandani, suruali, mashati, kanzu tano, kofia. Mfuko wa chini ya kitanda hakuutaja. Angesemaje? Nimeweka nguo chafu ya ndugu yako nisiyoweza hata kuinusa? Alinyamaza, akadhani kunyamaza kunatosha. Hilo ndilo kosa lake, na mtu mwengine asingelifanya ila mke aliyezoea kwamba nyumbani mwake mna mmoja anayejua siri zake bila ya kuambiwa.

Siku yenyewe wanawake walikuja asubuhi. Wakamwogesha, wakamchana nywele, wakamvisha nguo mpya ya kijani, wakamtia wanja. Mmoja alimpaka marashi shingoni, na Salhiya alihisi ubaridi wa tone tu. Akatolewa ukumbini, akakalishwa. Hapo Bi Mwanakheri akaja na sinia iliyofunikwa kitambaa, uso wake unang'ara kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Wifi yangu," alisema, "nguo zote zimekwenda. Lakini moja nimekubakishia. Niliikuta chini ya kitanda, maskini, imesahauliwa ndani ya mfuko, kola yote imeota manjano. Nimeifua kwa mkono wangu, maji matatu. Nimeianika, nimeipiga pasi, nimeifukiza mara mbili. Itunze. Anwar akikua ataivaa Idi."

Akaondoa kitambaa. Kanzu ilikuwa nyeupe kama siku iliyonunuliwa.

Wanawake wakasema mashaallah. Salhiya aliiangalia kola. Alitafuta ile alama ya manjano, hakuiona.

"Na udi wako wa wateja sikuugusa," Bi Mwanakheri aliendelea kwa fahari. "Nnajua ni riziki ya watoto. Nimetia wa lile kopo la nne. Si ulinambia mwenyewe hauuzwi?"

"Ahsante, wifi," alisema Salhiya.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi. Allah akulipe."

Akamshika mkono na kuubusu, mkono uliopauka kwa sabuni. Hakumchukia. Angependa kumchukia, lingekuwa ni jambo la kufanya. Lakini utamchukiaje mtu aliyefua nguo ya nduguye kwa machozi yake? Watu walipoondoka aliiweka kanzu kabatini, rafu ya juu kabisa, akafunga mlango. Akaukunja mfuko wa blanketi. Na wenyewe ulikuwa umeoshwa.

Kutoka siku hiyo aliacha visahani vinne vya asubuhi. Kulikuwa na haja gani tena? Pua ikirudi leo itarudi kwa nani?

Maisha yakaendelea, kwa sababu hayajui kufanya jambo jengine. Salhiya aliwasha jiko, maharusi wa mfungo tatu walikuwa wakingoja. Alipika kwa vipimo alivyoviandika zamani, namba moja, namba mbili, namba tatu, hakubadilisha hata tone, maana hapakuwa na wa kumwambia punguza au ongeza. Khairiya akamwomba makala ya picha, upishi wa udi hatua kwa hatua, kwa akina mama wanaotaka kuanza. Salhiya akakubali. Alikuwa akikubali kila kitu siku hizo.

Jumatatu moja, saa nne za asubuhi, alitia sukari katika sufuria kavu ili iyayuke, akapiga picha ya kwanza. Sukari ikageuka dhahabu, akapiga ya pili. Akakaa kwenye kibao kuandika maelezo. "Hapa ndipo pa kuwa na hadhari, mama mwenzangu," aliandika, "usiondoke, usishughulike na simu." Na yeye hapo ameshughulika na simu, anatafuta neno la kufuatia.

Kitu kikamgusa puani.

Alidhani ni pilipili, au vumbi. Akajipangusa kwa upindo wa kanga. Kikamgusa tena, kikali, kichungu, kikaingia mpaka nyuma ya koo, na Salhiya aliinua uso akaona moshi mweusi unapanda kutoka kwenye sufuria. Sukari imeungua. Alikuwa ameshaunguza sukari mara nyingi katika miaka minne, na kila mara aliijua kwa macho. Safari hii macho yalichelewa.

Alizima jiko. Alisimama katikati ya jikoni, mikono imemwinuka kidogo kama mtu anayesikiliza hatua ngazini, akavuta pumzi. Ipo. Harufu ya kuungua, mbaya, inayokera, na hakuna mtu Unguja nzima aliyewahi kuipenda harufu mbaya kama alivyoipenda yeye asubuhi ile.

Kisha akakimbia. Alipita ukumbini, akaingia chumbani, akafungua kabati, akapanda juu ya kitanda kuifikia rafu. Alijua kwamba kanzu imefuliwa maji matatu. Aliliona hilo kwa macho yake. Lakini mtu anaweza kujua jambo na miguu yake isijue, na mikono yake isijue, mpaka alipoibana kanzu usoni ndipo mwili wote ukakumbuka kwamba jasho halimo.

Halikuwemo kweli. Alivuta kwenye kola, hakuna. Alivuta kwapani, hakuna. Akataka kuitupa. Ndipo kikamjia kitu chengine, kwa mbali sana, kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu, husikii maneno lakini nyimbo unaijua.

Akakaa kitako kitandani. Akaisogeza kanzu taratibu.

Kulikuwa na mawardi. Chini yake palikuwa na kitu kizito, cha moto, na ndani kabisa ukali mdogo wa maganda ya ndimu yaliyokaushwa. Hakuna anayetia maganda ya ndimu kwenye udi. Alikuwa mmoja tu aliyewahi kuyatia, mara moja, kwa bi harusi mmoja. Salhiya aliona pazia la chumba cha fungate, miaka kumi na moja nyuma. Akaliona lile jambo la Abdulrazak kugonga mlango wa chumba chake mwenyewe kwa haya. Aliziona siku saba, mashuka yanayonukia, nywele zake zinazonukia, na kijana wa watu ananyanyua ncha ya ushungi wake, anainusa, anasema, "Harufu hii ikinipotea, nitaitafuta."

Ndiyo hii. Udi wa Bi Ulfat, aliokwenda nao kaburini. Duniani waliobaki wakiujua walikuwa wawili tu, na mmoja wao hana pua. Basi yule wa pili alikaa mwaka mzima juu ya sufuria, na mikono yake ya grisi, ongeza hiki, toa kile, na matone ya ndimu ya kile kichupa cha gazeti, mpaka akaufikia. Akautia koponi. Akasema hii haiuzwi. Na hakumwambia, kwa sababu alikuwa akiingoja pua ya mkewe, na alidhani muda upo.

"Ungenambia," alisema Salhiya kwa sauti. "Baba Rukaiya, ungenambia tu."

Hapo ndipo alipolia. Hakikuwa kilio cha kupendeza. Alilia kwa kwikwi na makamasi, amejikunja juu ya kitanda, akilia hasira na akilia mapenzi. Alimlilia mumewe, akamlilia bibi yake, akalililia lile jasho lililokwenda na maji ya wifi yake, maana udi ni udi, na yeye alikuwa akimtaka mtu. Ile michomo aliyoingoja miezi mitano ilikuja yote kwa pamoja, na iliuma kila mahali. Pua ikaziba kwa machozi, harufu ikapotea. Alipojifuta ikarudi, kidogo. Ikapotea tena.

Rukaiya aliporudi skuli alimkuta mama yake amekaa ukutani, macho mekundu, kanzu ya baba mapajani, na nyumba nzima imejaa moshi wa sukari.

"Mama, kumeungua."

"Nnajua," alisema Salhiya. "Nimesikia harufu."

Mtoto alimtazama, hakuelewa kwa nini mama yake alilisema jambo hilo kama mtu anayetoa habari ya kuzaliwa mtoto. Akaenda kufungua madirisha.

Jioni Salhiya aliliteremsha kopo la nne. Bi Mwanakheri alikuwa amefukiza kwa ukarimu, na chini vilibaki vipande vichache, vingetosha kiganja. Hakukichoma hata kimoja. Alifunika kopo, akalirudisha nyuma ya mengine, akachukua simu. Khairiya alikuwa ameuliza mara mbili makala imefika wapi. Salhiya akafungua Ua wa Nyuma. Alirudi nyuma, makala baada ya makala, akapita ile ambayo Abdulrazak amefumba macho ndani yake, mpaka akaifikia picha ya kabati na swali la mama wa Tanga, na kopo la nne lina nini?

Chini yake lilikuwepo jibu lake, na uso wake wa kucheka. Alilifuta. Akaandika upya.

"Halikuharibika. Haliuzwi."